Dari Ikiota Doa, Usikimbilie Rangi

Masika yakikatika, watu wengi wenye doa la kahawia kwenye dari hufanya jambo moja: hununua kopo la rangi nyeupe. Doa linakera. Liko juu ya makochi, kila mgeni akiinua macho analiona, na kulifunika kunaonekana ni kazi ya nusu siku. Haraka hiyo inaeleweka, lakini naipinga kwa nguvu zote, kwa sababu dari iliyolowa inapaswa kuwa kitu cha mwisho kutengenezwa na si cha kwanza. Doa ndilo ushahidi alionao mwenye nyumba kuhusu njia ambayo maji yamepita. Akilifunika kabla ya kulisoma, amelipa fedha ili asijue kinachoendelea juu ya kichwa chake. Fedha zianze kule maji yanakoingilia, muda utumike kukausha, na kitakachobaki, ambacho mara nyingi si kikubwa, ndicho kiende kwenye dari yenyewe.

Tuanze na chenyewe kinacholowa. Dari nyingi za nyumba zilizojengwa mijini katika miaka ya karibuni ni za jipsam, yaani madini ya jasi, ya aina ile inayochimbwa Makanya wilayani Same, yaliyosagwa, yakachomwa, yakakorogwa na maji na kubanwa katikati ya karatasi mbili nene. Karatasi ndizo zinazoupa ubao nguvu ya kutopinda. Ubao ukilowa, jasi inalainika, karatasi inaanza kuachia, na skrubu zilizoushika zinakosa mshiko. Wakati huo huo mzigo unaongezeka. Ubao wa kawaida wa mita 1.2 kwa 2.4, wenye unene wa milimita 9, una uzito wa karibu kilo 20 ukiwa mkavu. Sentimita moja tu ya maji ikituama juu yake ni lita 28 na ushee, yaani kilo 28 na ushee za ziada, bila kuhesabu yale yaliyonyonywa ndani. Mzigo wote, pamoja na ubao wenyewe uliopungua nguvu, unazidi mara mbili ya uzito wa ubao mkavu. Ndiyo maana dari iliyofanya tumbo si suala la urembo, na ndiyo maana saa za kwanza zina kanuni zake.

Kanuni ya kwanza ni umeme. Nyaya za taa na pangaboi hupita juu ya dari, na maji yakitafuta pa kushukia hulikuta tundu la taa liko tayari. Zima swichi kuu, au angalau breka ya chumba hicho kama una hakika nayo, na usiwashe tena hadi fundi umeme aangalie. Kisha ondoa watu, watoto hasa, chini ya sehemu iliyovimba, na usogeze kitanda na televisheni. Kama tumbo la maji linaonekana wazi, usilingoje lipasuke lenyewe. Weka ndoo au beseni pana, simama pembeni na si chini yake, kisha toboa tundu dogo kwa bisibisi ndefu pale palipoinama zaidi. Maji yatashuka kwa mkondo mmoja unaokingika, na mara nyingi hasara itaishia kwenye ubao huo mmoja, wakati tumbo lililoachwa lipasuke linaweza kuja chini na mbao za jirani na taa zake. Piga picha. Chukua penseli uchore mstari kufuata ukingo wa doa, uandike na tarehe. Mstari huo ni kipimo cha bure: mvua inayofuata ikinyesha na doa likauvuka, bado pana mahali panapovuja, lisipouvuka baada ya mvua mbili tatu kubwa, una sababu ya kuamini kwamba kazi ya juu imefanyika.

Hatari ya saa za kwanza ikishapita, kazi inayofuata ni kusoma doa, na swali lenye thamani kuliko yote ni hili: hukua wakati gani? Likikua mvua inaponyesha au saa chache baadaye, tafuta kwenye paa. Likikua hata wakati wa kiangazi, fundi bati unayetaka kumwita atafanya kazi isiyohusika. Tangi lililowekwa juu ya dari huvuja kwenye maungio yake, au boya lake hukwama na maji yakafurika kila mgao unapofika. Ukisikia matone usiku ambao bomba la mtaa limefunguliwa, anzia hapo. Bafu la ghorofa ya juu huvujisha watu wanapooga. Ziba tundu la kutolea maji, jaza sakafu ya bafu kina cha sentimita mbili, weka alama ukutani na usubiri saa kadhaa. Kiwango kikishuka na doa la chini likalowa, sakafu ndiyo inayopitisha. Kisiposhuka, fungulia maji yaende zake na uangalie tena, maana sasa anayeshukiwa ni bomba la maji machafu. Na kuna popo, ambao mafundi wengi huwasahau. Mkojo wao hutoa doa la kahawia linalofanana sana na la mvua, lakini harufu yake kali na vinyesi vilivyorundikana juu ya dari huwatambulisha, na doa lao halifuati msimu wa mvua.

Kwenye nyanda za baridi, iwe Njombe, Mbeya, Arusha au Limuru, kuna chanzo kingine kinachowachanganya wengi, nacho ni mvuke. Hewa ya joto kutoka jikoni na vyumbani hupanda, hugusa bati lililopoa alfajiri, na kugeuka matone. Dari hulowa asubuhi ambayo hakuna wingu, tena kwa madoa madogo mengi yaliyotawanyika badala ya doa moja kubwa. Hapo kuziba hakusaidii kitu, kwa sababu hakuna tundu. Kinachotakiwa ni hewa ipite: wavu chini ya ukingo wa paa pande mbili zinazotazamana, mvuke wa jikoni na wa maji ya moto utolewe nje badala ya kuachwa upande juu ya dari, na ikiwezekana bati litandikiwe karatasi maalumu ya kuzuia joto. Watu wamenunua makopo kwa makopo ya dawa za kuzibia paa kwa ajili ya tatizo ambalo matundu machache ya hewa yangelimaliza.

Ikiwa ni mvua, usitazame juu ya doa moja kwa moja ukadhani umepata. Maji yakishapenya chini ya bati hayadondoki hapo hapo. Hutambaa juu ya papi au ubavuni mwa kenchi, hushuka na mteremko, na huachia pale yanapokutana na msumari au pembe ya ubao. Umbali huo unaweza kufika mita kadhaa. Kwa hiyo utafutaji uanze upande wa juu wa mteremko, kutoka kwenye doa kuelekea kileleni. Panda juu ya dari mchana wa jua kali, ukikanyaga mbao tu na kamwe si jipsam, kisha zima tochi utulie dakika mbili macho yazoee giza. Matundu mengi yatajionyesha kwa nukta za mwanga. Washa tochi tena ufuate michirizi: maji yaliyopita kwenye vumbi la juu ya dari huacha mstari uliokoza rangi kwenye mbao, na mstari huo ukiufuata kurudi nyuma utakufikisha karibu kabisa na mahali yalipoingilia. Ukiwa huko, choma mbao zilizobadilika rangi kwa ncha ya bisibisi. Ubao mzima hukataa. Uliooza humeza ncha bila nguvu yoyote, na huo unahitaji seremala kabla ya mtu mwingine yeyote, maana palipo na mbao mbichi na giza mchwa nao hawako mbali.

Usipopata mwanga wala mchirizi, tumia mpira wa maji. Mtu mmoja awe nje, mwingine juu ya dari na tochi, wakizungumza kwa simu. Mwagilia sehemu ya chini ya paa kwanza kwa dakika 10 au 15, ndipo upande hatua kwa hatua kuelekea kwenye kofia ya paa kileleni. Anayeanzia juu hupoteza siku, kwa sababu maji yatateremka juu ya matundu yote na hatajua ni lipi lililoyapokea. Kazi hii ifanyike kwa ngazi iliyoshikwa na mtu; bati lililolowa halikanyagwi, hata na fundi anayejiamini.

Sasa twende kwenye kosa lenyewe. Mabati mara chache hutoboka kabla ya kuzeeka. Yanayokosa ni maungio na misumari, na sababu yake inafaa kueleweka kwa sababu ndiyo inayoamua dawa. Bati la mita 3 likiwa na nyuzi 20 alfajiri na nyuzi 60 saa saba mchana hurefuka kwa karibu milimita 1.4, kisha usiku hurudi lilivyokuwa. Ni kidogo, lakini hutokea siku baada ya siku, na kila mara msumari unasukumwa huku na huku mpaka tundu lake linapanuka na kichwa chake kinanyanyuka. Msumari uliopigwa kwenye bonde la bati badala ya mgongoni una ubaya zaidi, kwa sababu maji yote ya bonde hilo hupita juu yake. Mahali pengine ni kwenye mwingiliano wa bati na bati, ambapo fundi aliyebana matumizi amelaza sentimita chache tu pale palipohitaji 15 au zaidi. Kwenye bonde la paa, ambapo miteremko miwili hukutana na majani ya mwembe hukusanyika. Na kwenye kiungo cha paa na ukuta, ambapo bati la kukunja limebandikwa juu ya plasta kwa saruji badala ya kuingizwa kwenye mfereji uliochongwa ndani ya ukuta.

Hapa ndipo lilipo pingamizi linalosikika kuliko yote: fundi amesema silikoni au lami inatosha, na mwaka jana alipopaka kweli paliacha kuvuja. Sina ugomvi na silikoni. Inafanya kazi nzuri ikipewa bati safi, kavu, lililosuguliwa kutu, na kiungo kisichochezacheza sana. Lakini ikipakwa juu ya bati lenye vumbi inashika vumbi, haishiki bati. Na ikipakwa juu ya kichwa cha msumari uliolegea, bati litaendelea kurefuka na kufupika chini yake mpaka ipasuke. Kwamba paliacha kuvuja mwaka jana kunathibitisha kuwa tundu lilikuwa pale pale, jambo jema kulijua, lakini hakuthibitishi kuwa msumari umeshika. Msumari uliolegea utolewe, na mahali pake iingie skrubu nene kidogo yenye washa ya mpira, ifungwe mgongoni mwa bati kwenye ubao mzima, mpaka mpira ubanwe bila kupondeka. Skrubu hizo si ghali kupita kiasi, na kazi ya kubadili safu zilizolegea kwenye upande mmoja wa paa ni nafuu kuliko kushusha na kupandisha dari mara mbili.

Kuna aina moja ya nyumba inayostahili kuzungumziwa peke yake, nayo ni ile yenye paa la kuficha, ambayo imeenea sana Dar es Salaam, Dodoma na Mwanza. Naelewa kwa nini inapendwa. Kuta za juu zimelizingira bati, nyumba inaonekana bapa na ya kisasa, na mbao za kenchi hupungua. Lakini tazama maji yanakwenda wapi. Paa la mita za mraba 150 likipata mvua ya milimita 40 ndani ya saa moja hupokea lita 6,000, yaani lita 100 kila dakika. Kwenye paa la kawaida lililotokeza nje ya kuta, gata ikiziba maji humwagika uani na dari haijui. Kwenye paa la kuficha, gata imelala ndani ya kuta, juu ya dari yako, na ikiziba kwa mfuko mmoja wa plastiki au kiota cha ndege, maji hupanda mpaka yakaupita ukingo wa bati na kuingia ndani kwa wingi ambao hakuna ndoo inayoutosha. Mwenye nyumba ya namna hii anaweza kubadili jipsam kila mwaka na asiguse ugonjwa. Anachohitaji ni gata yenye mteremko unaoonekana, mabomba ya kushushia maji yasiyopungua mawili, na zaidi ya yote bomba la dharura linalotoboa ukuta wa juu, likiwa chini kuliko mwisho wa bati, ili gata ikijaa maji yatoke nje kabla ya kuingia ndani. Wapo watakaosema bomba hilo linaharibu sura ya nyumba. Basi liwekwe mahali mnapopita kila siku, karibu na mlango wa mbele: likianza kumwaga, wote wa nyumbani wanajua gata imeziba, na mtu anapanda kuisafisha mvua ikikatika. Sura ya nyumba huharibiwa zaidi na michirizi ya kijani kwenye kuta na dari zilizofanya matumbo.

Chanzo kikishazibwa, inakuja hatua ambayo karibu kila mtu huiruka, ya kukausha. Mamlaka ya mazingira ya Marekani, EPA, hushauri vitu vilivyolowa vikaushwe ndani ya saa 24 hadi 48 ili kuvu isipate nafasi ya kuota, na karatasi ya jipsam ni chakula kizuri cha kuvu. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2009 kuhusu unyevu na kuvu majumbani, likaeleza kuwa wanaoishi kwenye majengo yenye unyevu hupata zaidi matatizo ya kupumua na pumu. Kwa hiyo mtoto anayekohoa kwenye chumba chenye dari nyeusi hana shida ya dawa peke yake. Pwani wakati wa masika hewa yenyewe imejaa unyevu, na kufungua madirisha mvua ikinyesha hakukaushi chochote. Fungua jua likitoka, weka feni ielekee kwenye sehemu iliyolowa, toa bakuli za taa ili hewa ipite juu na chini, na uache mfuniko wa dari wazi. Usihukumu kwa kugusa. Bandika kipande cha nailoni kwenye dari kwa gundi ya karatasi kuzunguka kingo zote nne, ukiache usiku na mchana mzima. Kikiota ukungu wa matone upande wa ndani, dari bado inapumua maji na haipakwi kitu.

Kuvu iliyoota sehemu isiyozidi mita moja ya mraba mwenye nyumba anaweza kuishughulikia mwenyewe, akiwa amevaa barakoa na glavu. Kwenye zege, mbao ngumu au plastiki, maji na sabuni na brashi yatatosha, mradi pakaushwe upesi. Kwenye jipsam iliyoingiwa na kuvu ndani ya karatasi, kata utupe. Najua wengi hukimbilia jiki. Inafifisha rangi ya kuvu juu juu, doa linaonekana limekwisha, na mizizi iliyo ndani ya karatasi inabaki. Isitoshe, jiki ikichanganywa na tindikali ya kusafishia choo au dawa yenye amonia hutoa hewa ya sumu, na ndani ya chumba kidogo jambo hilo si la kujaribu.

Pingamizi la muda lina uzito wake. Arusi ni Jumamosi, au wageni wa msiba wanafika kesho, na dari inatisha. Jibu langu ni kwamba tundu safi la mraba, lililokatwa kwa msumeno na kingo zake kunyooka, lina heshima kuliko rangi iliyopakwa juu ya unyevu, ambayo ndani ya muda mfupi itatoa malengelenge na kuanza kumenyuka. Tundu hilo pia linasaidia kukausha. Wageni wataona nyumba inayotengenezwa, na hakuna aibu katika hilo.

Ndipo sasa tunafika kwenye dari yenyewe, na hapa maamuzi ni rahisi. Ubao uliopata doa tu, ukakauka, ukabaki umenyooka, ukigongwa kwa vidole unatoa sauti ile ile ya ubao wa jirani na karatasi yake haijaachia, uachwe. Uliopinda hautanyooka, jasi ikikauka katika umbo la tumbo hubaki hivyo. Huo ukatwe, na kosa la kawaida ni kukata kufuata doa. Kata mpaka katikati ya ubao wa fremu upande huu na upande ule, ili kiraka na dari ya zamani vyote vipate pa kufungwa. Kiraka kiwe cha unene ule ule, skrubu zipishane kwa sentimita 15 hadi 20, vichwa vyake vizame kidogo bila kupasua karatasi. Maungio yabandikwe mkanda wa wavu na kupakwa plasta ya jipsam mara tatu, kila mara pana kuliko kwanza, ukingoja kila tabaka likauke. Baada ya msasa, washa taa uishike ubavuni, karibu na dari, mwanga ulale juu yake. Mabonde na vilima visivyoonekana mchana vitajitokeza vyote, na ni afadhali kuviona kabla ya rangi.

Doa lililobaki kwenye ubao mzima lina hila yake. Maji yalipotambaa yaliyeyusha rangi ya mbao, kutu na vumbi, yakavibeba mpaka ukingoni, na yalipokauka yakaviacha hapo. Ndiyo maana ukingo umekoza kuliko katikati. Vitu hivyo bado vinayeyuka katika maji. Ukipaka rangi ya maji moja kwa moja, unavilowesha upya navyo vinapanda hadi juu ya rangi mpya, ndiyo maana mtu hupaka mara tatu nne na doa likarudi kila mara mpaka akadhani paa bado linavuja. Paka kwanza andakoti ya mafuta, ikauke sawasawa, kisha ndipo rangi ya maji ipite juu yake. Na rangi ya mwisho ipakwe dari nzima ya chumba kutoka kona hadi kona, kwa sababu nyeupe ya leo na nyeupe ya miaka mitano iliyopita hazifanani.

Si kila dari ni jipsam. Ya zege ikitoa doa la kutu au ikaanza kubabuka, tatizo limeingia kwenye nondo: kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, hivyo inalisukuma zege kutoka ndani, na kulipiga plasta juu ni kuongeza mzigo kwenye kitu kinachoachia. Nondo zikionekana, aitwe mhandisi. Kwenye nyumba za kale za Mji Mkongwe wa Unguja na za Lamu, ambako dari hubebwa na boriti na sakafu ya juu ni ya mawe ya tumbawe na chokaa, tazama ncha za boriti zinapoingia ukutani, maana ndipo zinapooza bila kuonekana, na viraka viwe vya chokaa. Saruji huzuia unyevu kutoka na kuuelekeza kwenye boriti. Majengo ya zamani yanaweza pia kuwa na paa au dari ya asbesto, mbao ngumu za kijivu zinazofanana na saruji. Hizo zisikatwe, zisitobolewe, zisisuguliwe msasa. Aina zote za asbesto husababisha saratani, na hatari yake ni vumbi lake. Waachiwe wenye utaalamu na vibali, hata kama fundi wa mtaani anasema ameshazikata mara nyingi.

Mpangaji atauliza kwa nini agharimie paa la mtu. Hapaswi, kwa kawaida. Sheria ya Ardhi ya Tanzania ya mwaka 1999 imeweka miongoni mwa wajibu wa mpangishaji, pale sehemu ya jengo inapopangishwa, kutunza paa na kuta za nje, na Sheria ya Ardhi ya Kenya ya mwaka 2012 ina masharti yanayofanana nayo. Lakini usome mkataba wako, kwa kuwa unaweza kuwa umepanga vingine. Cha muhimu ni maandishi. Tuma picha na ile tarehe ya penseli kwa ujumbe siku ile ile doa linapoonekana, si baada ya dari kuanguka. Mwenye nyumba aliyearifiwa mapema hukabiliwa na skrubu chache, na wengi wakielezwa hivyo kwa heshima hutoa fedha hiyo bila ugomvi.

Imebaki namna ya kupatana na mafundi. Usimpe mtu mmoja kazi ya paa na dari kwa bei moja ya jumla, kwa maana faida yake iko kwenye kumaliza upesi na dari ndiyo inayoonekana. Patana na kazi ya paa peke yake. Lipa sehemu, na kiasi kinachobaki kilipwe baada ya paa kumwagiliwa kwa mpira mbele yako, au baada ya mvua kubwa ya kwanza. Dari iachwe wazi mpaka hapo. Fundi anayejua kazi yake hatakataa sharti hilo, na anayelikataa amekujibu. Dari inapofungwa, dai kitu kimoja ambacho nyumba nyingi mpya hazina: mlango wa dari wa angalau sentimita 60 kwa 60, uwekwe ukumbini au stoo, mahali ngazi inapofika bila kuhamisha kabati, na juu yake pawe na ubao wa kukanyagia unaofika kwenye gata, tangi na bonde la paa. Ugharimie huo hata kama itabidi upunguze mapambo ya kona. Mwezi Februari kabla ya masika, na tena Septemba kabla ya vuli, mtu apande na tochi kwa nusu saa, atoe majani, ajaribu boya la tangi kwa mkono, na aguse mbao zilizowahi kulowa.